Dawa Hii Ilijaribiwa kwa Nani?

 

Mwezi huu nawaletea habari ya ngozi, lakini mkisoma mpaka mwisho mtaona ni habari ya kila dawa tunayomeza. Ilianza hapa kwetu kambini, ikanipeleka mpaka Tororo na Busia, njia ile ile ambayo wengi wetu tulipita tukikimbia.

Jerikeni kando ya jerikeni

Jirani yangu mmoja ana ugonjwa wa ngozi. Ulianza kwenye viwiko na magoti, ukapanda kichwani, ukashuka mgongoni. Ngozi inanenepa, inatoa magamba meupe kama ya samaki, na akijikuna yanadondoka kwenye nguo. Pale bombani watu walianza kusogeza jerikeni zao mbali na zake. Mmoja akasema ni ukoma. Mwingine akasema amelogwa. Watoto wake wakawa wanarudi shule wakilia kwa sababu ya maneno ya wenzao. Ameniruhusu niandike habari zake, ila jina lake nisilitaje.

Ugonjwa huu unaitwa soriasisi. Kwenye kadi ya hospitali utaona umeandikwa psoriasis. Tuseme wazi mapema, maana hili ndilo linaloumiza watu kuliko magamba yenyewe: soriasisi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kuchota maji bomba moja wala kunyonyesha. Si ukoma, si upele, na si uchafu.

Ni hivi. Ngozi ya kila mtu inajibadilisha. Chembe mpya zinazaliwa chini, zinapanda juu, zinakauka, zinadondoka bila sisi kuona. Kazi hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuiharakisha ngozi, na kazi ya mwezi inafanyika kwa siku chache tu. Ngozi inarundikana, na yale marundo ndiyo magamba. Mara nyingine ugonjwa huu unatembea katika ukoo. Mara nyingine unaingia hadi kwenye viungo, vidole vinavimba na kuuma. Mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini dawa za kuutuliza zipo.

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, zikakubali kwamba watu wengi wanateseka kwa kukosa matibabu na kwa kutengwa. Kwa hiyo jirani yangu hayuko peke yake.

Karatasi yenye jina la dawa

Sasa, jirani yangu ana binamu aliyepelekwa Marekani miaka iliyopita. Huyo binamu naye ana soriasisi, ukoo ni mmoja. Kule walimpa kwanza vidonge vya methotreksati, baadaye wakampandisha kwenye sindano ya gharama kubwa. Siku moja akatuma picha kwenye simu: mikono laini kabisa, hakuna hata gamba. Akatuma na pesa kidogo, na ujumbe: "Sindano huko hamtaipata, lakini vidonge vipo. Tafuta ununue."

Wiki hiyo mimi nilikuwa na safari. Shangazi yangu aliolewa Busia upande wa Uganda, tulikuwa na matanga. Jirani akanipa karatasi yenye jina la dawa, na pesa imekunjwa ndani. "Dada, mji wa mpakani haukosi kitu. Niletee."

Nilitoka Bweyale, nikazunguka kwa Lira, Soroti na Mbale. Nilipouona mwamba wa Tororo moyo ulishtuka. Ninyi mliokuja wakati ule mnakumbuka. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 watu walivuka Busia na Malaba na watoto mgongoni, tukawekwa Mulanda, wilaya hiyo hiyo ya Tororo, kabla ya kuletwa huku Kiryandongo. Watoto waliozaliwa Mulanda leo ni vijana wakubwa.

Busia nilikaa upande wa Uganda. Mkimbizi na mpaka wake, mnajua wenyewe. Baada ya mazishi nikaingia duka moja la dawa. Kijana aliyekuwa pale akaisoma karatasi, akaniuliza swali moja tu: "Ngapi?" Hakuuliza ni za nani. Hakuuliza mgonjwa anakunywa dawa gani nyingine. Nikamwambia ngoja kwanza nihesabu pesa, nikarudi nyumbani kwa shangazi.

Mjomba anauliza

Pale matangani alikuwapo mjomba wangu. Ni mzee aliyestaafu, aliwahi kufanya kazi ya kupima damu hospitali, upande huo wa Tororo. Nikamwonyesha karatasi. Akavaa miwani.

"Hii ni ya nani, mwanangu?"

"Ya jirani yangu, mjomba. Ana soriasisi. Binamu yake Marekani aliitumia akapata nafuu."

"Sawa. Huyo jirani anakunywa dawa nyingine?"

Nikanyamaza kidogo. Jirani yangu anaishi na VVU, na hilo pia ameniruhusu niliandike, kwa sababu anataka wengine wasifikwe na lile ambalo nusura limpate yeye. Kila siku anakunywa ARV zake, na kidonge cha Septrin.

Mjomba akaiweka karatasi chini. "Septrin na hii, haziendi pamoja. Zote mbili zinabana kitu kimoja ambacho mwili unakitumia kutengeneza damu. Ukizichanganya, damu inaweza kuacha kutengenezwa. Mtu anaota vidonda mdomoni, anavuja damu, anashikwa na homa, na anaweza kufa. Na dawa hii kwa soriasisi inanywewa siku moja kwa wiki, si kila siku. Wapo waliokufa kwa kuinywa kila siku. Na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuigusa, inaharibu mtoto."

Nikauliza, "Lakini mjomba, mbona binamu yake imemsaidia? Si ni damu moja?"

Akacheka. "Damu moja, maisha mawili. Kabla hujauliza dawa ni nzuri au mbaya, uliza kwanza: ilijaribiwa kwa nani?"

Majaribio yanavyofanyika

Basi tukakaa chini ya mwembe, akanieleza.

Dawa mpya ikishapita hatua za kwanza, watafiti wanatafuta watu wanaokubali kuijaribu. Hao wanaitwa washiriki. Si kila mtu anachukuliwa. Kuna masharti ya kuingia: umri, ukali wa ugonjwa, magonjwa mengine aliyo nayo mtu. Kisha washiriki wanagawanywa makundi kwa bahati nasibu, kama kura. Kundi moja linapewa dawa mpya. La pili linapewa dawa ya zamani, au dawa tupu, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Mara nyingi mgonjwa hajui yuko kundi gani, na daktari naye hajui. Mwisho wanahesabu.

Kwa nini kura? Kwa sababu watu hatufanani. Kama daktari angechagua mwenyewe, pengine angewapa dawa mpya wale wenye nguvu, halafu tukasifu dawa kumbe ni nguvu zao. Kura inachanganya wanene na wembamba, vijana na wazee, ili makundi yalingane.

Lakini kura ina mpaka wake. Inawachanganya wale tu waliopita mlangoni. Aliyezuiwa mlangoni hayumo kabisa, na jibu la utafiti halimzungumzii yeye.

Mjomba akatoa mfano wa boda boda, na Busia ndiko wanakosema kazi hiyo ilizaliwa, kwa baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. "Ukiona baiskeli imembeba mtu mmoja kwenye lami, usiape kwamba itabeba gunia mbili za mahindi kwenye matope. Baiskeli ni ile ile. Mzigo na njia ndivyo vimebadilika."

Waliojaribiwa dawa za soriasisi

Niliporudi nilisoma zaidi. Hebu tuangalie.

Mwaka 2008 yalitolewa majibu ya majaribio mawili makubwa ya sindano iitwayo ustekinumabu. La kwanza lilikuwa na washiriki 766 na la pili 1,230. Katika lile la kwanza, kila watu 100 waliopata dawa, kama 67 ngozi zao zilipata nafuu ya robo tatu au zaidi kwa wiki 12. Waliopewa dawa tupu walikuwa kama 3 kwa 100. Hayo ni matokeo makubwa, hatuyabezi.

Lakini washiriki ni akina nani? Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wazungu. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa wanaume. Uzito wao wa wastani ulipita kilo 90. Na hata uzito peke yake ulileta tofauti: ndiyo maana leo mtu aliyezidi kilo 100 anapewa kipimo mara mbili ya mwenzake.

Na ile methotreksati? Mwaka 2017 yalitoka majibu ya jaribio la sindano yake kwa watu 120 katika nchi za Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Uingereza. Baada ya wiki 16, kati ya kila 100 waliopata dawa, 41 walifikia ile nafuu ya robo tatu. Kwa dawa tupu walikuwa 10. Kwa hiyo hata huko Ulaya, zaidi ya nusu hawakufika hapo. Ile picha ya kwenye simu ilikuwa ya mmoja tu. Na binamu mwenyewe, ngozi yake ililainishwa na sindano ya baadaye, si vidonge.

Jambo la pili ni rangi ya ngozi. Kupima ukali wa soriasisi, madaktari wanatoa alama kwa wekundu, unene na magamba, kuanzia 0 hadi 4, na wanaangalia imeenea kiasi gani. Sasa wewe niambie, wekundu utauona wapi kwenye ngozi yangu? Kwa mtu mweupe doa ni jekundu. Kwa mtu mweusi doa linaelekea zambarau, au kahawia iliyoiva, au kijivu. Asiyezoea ngozi nyeusi anaweza kutoa alama ndogo kuliko ugonjwa ulivyo. Mtu akipata alama ndogo, anaweza kukosa hata kuingia kwenye jaribio. Tena kwetu magamba yakiisha, mara nyingi linabaki doa jeusi au jeupe kwa miezi, na mgonjwa anadhani hajapona. Katika miaka hii ya 2020 zimefanyika tafiti za kuchukua wagonjwa wa soriasisi wenye ngozi zisizo nyeupe peke yao.

La tatu ni magonjwa mengine. Sindano nyingi za soriasisi zinatuliza kinga ya mwili. Baadhi yake zinaweza kuamsha TB iliyolala, ndiyo maana mtu anapimwa TB kabla ya kuanza. Wenye VVU na wajawazito kwa kawaida hawachukuliwi kwenye majaribio hayo. Wanaachwa ili wasidhurike, na sababu hiyo naielewa. Lakini tazama matokeo yake: mama mwenye VVU, anayeishi mahali penye TB, na bado yuko katika umri wa kuzaa, hayumo kwenye hesabu. Na VVU ndiyo inayoweza kuifanya soriasisi iwe kali zaidi. Anayehitaji zaidi ndiye aliyejulikana kidogo zaidi.

Tororo na Busia walivyosaidia

Hapa mjomba alikaa vizuri kwenye kiti. "Msidhani watu wa huku ni wa kusoma majibu ya wengine tu," akasema. "Huku kwetu ndiko maswali mengi yalikojibiwa."

Mfano wa kwanza ni hiyo hiyo Septrin. Mwaka 1999 tafiti za Côte d'Ivoire zilionyesha kwamba Septrin ya kila siku inawakinga watu wenye VVU. Lakini Uganda watu wakasema, ngoja kwanza. Huku vijidudu vingi vimeshaizoea Septrin. Kwetu itafanya kazi? Wakaenda kuangalia vijijini Tororo, kwa watu 509 wenye VVU na zaidi ya 1,500 wasio na virusi wa nyumba hizo hizo. Majibu yalitoka 2004: vifo vilipungua kwa asilimia 46, malaria kwa asilimia 72, na kuharisha kwa asilimia 35. Ilifanya kazi, na watu wa huku walijua kwa sababu ilijaribiwa kwao. Kidonge ambacho jirani yangu anakunywa kila asubuhi kina jasho la watu wa Tororo ndani yake.

Mfano wa pili ni watoto. Mwaka 2012 yalitolewa majibu ya utafiti wa Tororo kwa watoto 170 wenye VVU, wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 5. Kwa kura, wengine walipewa ARV za aina moja, wengine za aina nyingine yenye lopinaviri, ambayo wazazi wengi waliijua kwa jina Kaletra. Wale wa lopinaviri walipata malaria kidogo zaidi, pungufu kwa asilimia 41. Kwa nini? Mtoto alipougua malaria akapewa Coartem, ile lopinaviri iliifanya Coartem ikae mwilini muda mrefu zaidi, ikamkinga asirudiwe upesi. Malaria moja, Coartem moja, lakini matokeo mawili, kwa sababu ya dawa nyingine ambayo mtoto alikuwa anakunywa. Ni swali lile lile alilouliza mjomba: anakunywa dawa gani nyingine? Kwa watoto wale mchanganyiko ulisaidia. Kwa jirani yangu ungeua.

Mfano wa tatu ni akina mama wajawazito. Mwaka 2014 wanawake 300 wasio na VVU waliandikishwa Tororo. Wengine walipewa Fansidar ya kuzuia malaria, kama ilivyozoeleka, wengine dawa iitwayo DP. Kwa waliopewa Fansidar, kondo la nyuma lilikutwa na dalili za malaria kwa nusu yao. Kwa waliopewa DP kila mwezi, ilikuwa 27 kati ya 100. Na watoto waliozaliwa na matatizo, kama uzito mdogo au kabla ya wakati, walikuwa karibu 19 kwa 100 upande wa Fansidar na 9 kwa 100 upande wa DP ya kila mwezi. Majibu yalipotoka 2016 watu wakafurahi.

Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 2016 na 2017 wakaandikisha wanawake 782 wilayani Busia, jirani kabisa na Tororo. DP ikashinda tena kwa malaria, na kwa tofauti kubwa. Ila kwa watoto kuzaliwa salama, makundi mawili yakatoka karibu sawa. Watafiti wanafikiri kwamba Fansidar, mbali na malaria, inapigana pia na vijidudu vingine vinavyomdhuru mtoto tumboni. Kama wangesimama kwenye lile jibu la kwanza la watu 300, wangeahidi akina mama kitu ambacho hakikuthibitika.

"Na hata hao wajawazito hawafanani," mjomba akasema. "Mwenye mimba ya kwanza si sawa na aliyezaa mara nne. Wa kwanza mwili wake bado haujajifunza kupigana na malaria inayojificha kwenye kondo. Ukiwaweka pamoja bila kuangalia, unaweza kumsahau yule binti mdogo."

Ukiitwa kushiriki

Wengine watauliza: basi tukubali wakija watafiti? Siwezi kukujibia wewe. Kuna wanaoogopa, wanasema tunafanywa panya. Hofu hiyo ina sababu, maana historia ya dunia ina mambo mabaya yaliyofanyiwa wanyonge. Lakini mmeona pia: pale ambapo hakuna aliyeshiriki wa aina yetu, sisi ndio tunaobaki bila jibu.

Jambo la lazima ni kujua haki zako:

- Utafiti wowote Uganda lazima upitiwe na kamati ya maadili na usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Omba uonyeshwe barua.
- Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa. Kama husomi, unaweka kidole gumba mbele ya shahidi asiye upande wa watafiti.
- Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo ukaacha kesho. Matibabu yako ya kawaida hayaguswi, na posho yako haiguswi. Atakayekwambia vinginevyo, mripoti.
- Uliza: nikidhurika nani atanitibu? Jaribio likiisha na dawa ikiwa imenisaidia, nitaendelea kuipata?
- Usifiche ugonjwa wala dawa nyingine ili upate kuingia. Unajihatarisha, na unaharibu jibu la wengine.

Kabla ya kumeza

Na hata kama hakuna utafiti wowote, wewe ukiwa umeshika dawa mkononi, muulize tabibu maswali haya manne:

1. Dawa hii imejaribiwa kwa watu kama mimi? Kwa umri wangu, kwa hali yangu?
2. Inaenda pamoja na dawa ninazokunywa tayari? Peleka makopo yote, usitaje kwa kichwa. Dawa za mitishamba pia zitaje.
3. Kama nina mimba, ninanyonyesha, au ninatarajia kupata mimba, ni salama? Na wababa nao waulize, kwa methotreksati hata mwanaume anahitaji ushauri kabla ya kupata mtoto.
4. Inanywewa mara ngapi? Kila siku, au kila wiki? Rudia kwa mdomo wako mbele yake.

Kwa wenye soriasisi nyongeza ni hizi. Dawa ya malaria ya aina ya klorokwini inaweza kuchochea magamba, mwambie tabibu kabla hajakuandikia. Mtoto mwenye ugonjwa huu akiumwa koo, mpeleke kituoni mapema, kwa sababu maambukizi ya koo yanaweza kuamsha madoa mwili mzima. Zile krimu kali za kujichubua zinazouzwa sokoni msizifanye dawa; zinaonekana kusaidia siku za kwanza, halafu ngozi inakuwa nyembamba, na ukiziacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira. Mafuta mazito ya kupaka kama Vaseline, ukipaka ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, yanalainisha magamba na hayana gharama kubwa.

Nilivyorudi

Nilirudi Kiryandongo mikono mitupu. Nilimrudishia jirani pesa yake kamili, ikiwa imekunjwa vile vile. Nikamweleza neno kwa neno. Mwanzoni alikasirika. Alisema, "Umeenda mpaka Busia ukarudi na hadithi?" Sikumlaumu. Mtu aliyesogezewa jerikeni kwa miaka hataki hadithi, anataka ngozi.

Kesho yake tukaenda pamoja kituo cha afya, na makopo yote kwenye mfuko. Tabibu alipoona Septrin na kusikia habari ya methotreksati, alisimamisha kalamu. Akasema, "Afadhali mmekuja kwanza." Akamwandikia dawa ya kupaka, akamwelekeza namna ya kuipaka na lini apumzike, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kuonana na mtaalamu wa ngozi, na akamsisitiza asiache ARV hata siku moja, maana kwa watu wengi wenye VVU ngozi hutulia kinga ikipanda.

Leo magamba hayajaisha. Nisiwadanganye. Mikono imepata nafuu, mgongo bado, barua ya mtaalamu bado inangoja siku yake. Lakini yuko hai, na anawalea watoto wake.

Na pale bombani? Juzi nilimkuta kwenye foleni. Mama mmoja, yule yule aliyekuwa wa kwanza kusema ukoma, alimwekea nafasi, jerikeni kando ya jerikeni. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Dada, sogea hapa, maji yanakaribia kukatika."

Tuandikieni maoni yenu, na kama una swali la afya liache ofisini kwa mwalimu. Tukutane toleo lijalo.